Tahajia, sarufi na adabu ya kusahihishana mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa mezani kwangu, katika steshenari ndogo jijini Dodoma ninapochapa barua, maombi ya kazi na mihtasari ya vikao, na katika makundi ya simu ambayo mimi ni mwanachama: la mtaa, la kikoba, la wazazi wa darasa, na mawili ya harusi zilizokwisha zamani lakini hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kuondoka. Nimeanza na ya msingi na kumalizia na yale yanayobishaniwa hata na walimu. Pale jibu moja linapotegemea jingine, nimetaja namba yake ili nisirudie.

## Misingi

1. Nani aliamua kwamba Kiswahili fulani ndicho sahihi?

Waliamua watu, tena si zamani sana. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na walipokuja walioanza kukiandika kwa herufi za Kirumi, kila mmoja alifuata masikio yake. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubaliana kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha kuandikia, na tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa kamati ya lugha kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar ili isanifishe tahajia na msamiati. Kamati hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo mwaka 1981 ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, liliundwa kwa sheria mwaka 1967.

Nayaeleza haya kwa sababu wanaokosoana mtandaoni huzungumza kana kwamba tahajia ilishuka pamoja na mvua. Usanifu ni makubaliano, na makubaliano huwa na aliyeshinda na aliyeshindwa: mkutano ulifanyika Mombasa, na hata hivyo Kimvita, lahaja ya mji uleule, ndicho kilichoachwa. Anayeandika kinyume cha makubaliano hayo huenda hakuyajua au ameyapuuza, lakini akili yake haijapungua kwa hilo.

2. Ujumbe ukieleweka, tahajia ina kazi gani tena?

Mkizungumza ana kwa ana, uso na sauti husaidia. Ukikosea, mwenzako hukuuliza palepale. Ujumbe wa maandishi husomwa na watu mia mbili, wengine hawakujui, wengine watausoma baada ya miezi mitatu wakitafuta ushahidi wa nani aliahidi nini. Hapo maandishi husimama peke yake.

Hata hivyo, si kila kosa lina uzito sawa. Yapo makosa yanayobadili maana, na yapo yanayoudhi macho tu. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanategemea tofauti hiyo, na ningeomba msomaji aishike kabla ya kumrukia mtu.

3. Je, herufi x na q zimo katika Kiswahili?

Hazimo. Herufi c nayo haisimami peke yake. Hutumika ikifuatwa na h, kama katika "chai". Majina ya kigeni na ya lugha zetu nyingine huandikwa kama wenyewe wanavyoyaandika, ndiyo maana utaona "Cigogo" na pia "Kigogo", na zote mbili zina wenyewe. Kuhusu "xaxa" na "xana", tazama swali la 14.

## Herufi zinazotusumbua

4. Kwa nini watu wengi wa bara huchanganya l na r? Ni uzembe?

Si uzembe. Lugha nyingi za Kibantu za bara hazitenganishi sauti hizi mbili kwa namna ambayo Kiswahili huzitenganisha. Mtoto aliyekulia katika lugha kama hiyo hukutana na tofauti hiyo kwa mara ya kwanza darasani, na sikio lisilozoea kutenganisha haliwezi kuusaidia mkono unaoandika. Ndiyo maana tunaona "habali", "tafadhari", "abilia" na "kusafili", hata kutoka kwa watu wenye shahada.

Maneno hayo manne hayampotezi mtu, kwa sababu hakuna neno jingine linaloyangoja upande wa pili. Shida iko katika jozi, ambako l ina neno lake na r ina neno lake: kula na kura, kalamu na karamu, hali na hari, fahali na fahari. Mfugaji anayetangaza kwamba anauza "fahari wawili wa mbegu" ataeleweka, kwa sababu picha ya ng'ombe ipo, lakini mtaa uliotangaziwa kwamba "kesho saa nne kutakuwa na kula ya kumpata mwenyekiti" ulipata wageni wengi kuliko wapiga kura.

Jozi iliyonifundisha zaidi ni mahali na mahari. Katika kundi moja la harusi, kijana wa kamati, aliyekuwa akitafuta ukumbi, aliandika: "Wakuu, tunaomba kujua mahari mapema ili tulipie." Mjomba wa bibi harusi alijibu kwa aya nne kwamba mambo hayo hayajadiliwi kwenye simu, kwamba yeye hakuuza mtoto, na kwamba upande wa pili ujiandae kuja na wazee. Kijana alirudi kusoma alichoandika baada ya saa mbili. Wazee walikwenda kweli, kuomba radhi.

Hakuna kanuni fupi itakayokuambia wapi ni l na wapi ni r. Ninachowashauri wateja wangu ni kuzikariri jozi hizo chache zenye hatari, na kwa maneno mengine kufungua kamusi bila haya.

5. Kuacha h au kuiongeza ni kosa dogo?

Kwa maoni yangu hili ndilo kosa zito kuliko yote katika orodha hii, kwa kuwa herufi hiyo hubeba ukanushi. "Atakuja" ni habari njema na "hatakuja" ni habari mbaya, na kati yao ipo herufi moja. Hatari hiyo iko hasa kwa mtu mmoja anayezungumziwa, katika wakati ujao na katika neno "ana": atalipa na hatalipa, ana deni na hana deni. Katika wingi hatari hupungua, kwa sababu "watalipa" na "hawatalipa" hutofautiana kwa silabi nzima, na jicho huona.

Mweka hazina wa kikoba chetu, mama makini sana kwa hesabu, aliandika kuhusu mwanachama mmoja: "Huyu ana deni." Alikusudia "hana". Mwanachama huyo, aliyekuwa amemaliza rejesho lake la mwisho siku iliyotangulia, alisoma maneno hayo mbele ya wenzake thelathini, akaondoka kwenye kundi bila kuaga. Ilichukua siku mbili na kilo mbili za sukari kumrudisha.

Upande wa pili kuna wale wanaoipachika h mahali isipotakiwa: "hasubuhi", "hasante", "hambaye". Mara nyingi ni mtu aliyewahi kuchekwa kwa kuiacha, naye sasa anaimwaga kila mahali kama chumvi. Vilevile zingatia kwamba "uko" ni wewe ulipo, na "huko" ni mahali. "Huwa naenda" ni mazoea, ilhali "uwa" haimaanishi kitu katika sentensi hiyo.

6. Ni "thamani" au "samani"?

Meza, vitanda na makabati ni samani. Bei au ubora wa kitu ni thamani. Bango linalosema "Tunauza thamani za ndani" linatangaza kitu ambacho hakuna fundi seremala anayeweza kukitengeneza. Kundi hilohilo lina "dhahabu" inayoandikwa "zahabu", "fedha" inayoandikwa "feza" na "adhabu" inayoandikwa "azabu". Haya huudhi macho tu.

7. Irabu zikiwa mbili, naweza kuandika moja?

Hapana. "Amekataa" ni mtu aliyegoma, na "amekata" ni mtu mwenye panga au mkasi. "Kufaa" ni sifa ya mgombea, na "kufa" ni habari ya kupeleka hospitali. Niliwahi kuletewa nichape maelezo ya mgogoro wa kiwanja yenye sentensi "mwenye kiwanja amekata mpaka", na ilibidi nimpigie simu mteja ili nijue kama mtu huyo aliukataa mpaka au aliukata. Majibu hayo mawili yangepeleka shauri njia mbili tofauti kabisa.

Kinyume chake ni kuongeza w au y pasipohitajika: "chukuwa", "kuzuwia", "kutowa". Andika "chukua", "kuzuia", "kutoa". Sauti hiyo huteleza yenyewe mdomoni, lakini haiandikwi.

8. Ile alama katika ng' ni lazima? Na majina ya mahali je?

Ni lazima, kwa sababu ng' na ng ni sauti mbili. Linganisha "ng'ombe" na "ngoma". Kwenye kibodi za simu nyingi alama hiyo imefichwa ukurasa wa pili, na ndiyo maana Chang'ombe huandikwa "Changombe" hata na watu waliozaliwa huko.

Majina ya Kigogo yana mambo yake. Lugha hiyo ina sauti za puani zinazotolewa pamoja na pumzi, na huandikwa kwa kuongeza h: ndipo tunapata Nhinhi kule Chamwino na Ng'hong'honha karibu na Chuo Kikuu cha Dodoma. Jina hili la pili nimeliona limeandikwa kwa namna zisizopungua nne, na wageni waliohamia na ofisi zao huniuliza kwa unyonge ipi ni sahihi. Jibu langu ni kwamba haya si maneno ya Kiswahili sanifu; yafuate kama wenyeji wake wanavyoyaandika, na usijaribu kuyarahisisha kwa faida ya ulimi wako.

Ikumbukwe kwamba simulizi maarufu ya jina la jiji hili ni ya tembo aliyezama matopeni, wenyeji wakasema "idodomya", yaani amezama, na wageni wakaandika walichosikia. Kwa simulizi hiyo, makao makuu ya nchi yana jina lililotokana na kosa la tahajia.

## Kuunganisha, kutenganisha na upatanisho

9. Wapi niache nafasi kati ya maneno?

Viambishi vya kitenzi haviachani. "Ninakuja", "tutaomba", "nimefika" ni neno moja kila moja. Anayeandika "na kupenda" amesema "pamoja na kupenda", na mpokeaji ana haki ya kusubiri sentensi iendelee. Anayeandika "sita kuja" amehesabu watu sita. Kosa la "sita" ni la kawaida mno katika makundi ya michango, na hapo namba ndizo zenye kuleta ugomvi: "Mimi sita toa elfu kumi" imewahi kuorodheshwa kama ahadi ya watu sita.

Upande wa pili, "ni" na "si" zikiwa za kueleza hali husimama peke yake: "ni kweli", "si kweli", "ni katika". Pia tenganisha "kwa hiyo", "kwa sababu", "kwa ajili ya" na "kwa niaba ya". Unganisha "kwamba", "vilevile", "mbalimbali" na "polepole". Ukiwa na shaka, jiulize kama kipande hicho kinaweza kusemwa peke yake kikawa na maana ileile. "Ta" na "me" haviwezi.

10. Je, "ambayo" hutumika kwa kila kitu?

Hapana, ingawa ukisoma matangazo utadhani hivyo. Ni mtu ambaye, watu ambao, kiti ambacho, viti ambavyo, jambo ambalo, mambo ambayo, nyumba moja ambayo, nyumba nyingi ambazo, mahali ambapo. Viumbe hai hufuata mtu, hata jina likianza na ki-: kiongozi ambaye, kijana ambaye. "Kiongozi ambacho" humfanya kuwa fanicha, na kuna siku mtu alilazimika kufuta ujumbe wa pongezi kwa sababu hiyo.

11. "Ndiyo" au "ndio"? "Siyo" au "sio"?

Kukubali ni "ndiyo". "Ndio" ni ya upatanisho: watu hawa ndio waliokuja, mti huu ndio ulioanguka. "Siyo" na "sio" hufuata mkondo huohuo. Kosa hili halijawahi kumtia mtu hasara ninayoijua.

12. Kwa nini mwalimu wangu alikataa "masaa"?

Kwa sababu "saa" iko katika ngeli ambayo umoja na wingi hufanana, kama nyumba: saa moja, saa tatu. Wanaotetea "masaa" wana hoja, nami siidharau: "nilisubiri saa tatu" inaweza kumaanisha muda, au inaweza kumaanisha kwamba ilipofika saa tatu nilikuwa nasubiri, ilhali "masaa matatu" haina utata. Katika barua rasmi andika "muda wa saa tatu" na mzozo utakwisha.

Utata mkubwa zaidi wa saa hauhusu wingi. Anayetangaza kikao "9:00" amewagawa watu makundi mawili: wa saa tatu asubuhi na wa saa tisa alasiri. Taja wakati wa siku kila mara.

13. Kiulizo kina umuhimu gani?

Kiswahili hakibadili mpangilio wa maneno kwa swali la ndiyo au hapana. "Umelipa" na "Umelipa?" hutofautiana kwa sauti tu, na sauti haionekani kwenye skrini. Bila kiulizo, mwenzako atadhani umemthibitishia malipo. Ukiandika "Je" mwanzoni utajisaidia zaidi.

## Ufupisho, simu na lugha za kuchanganya

14. "Xaxa", "2po", "cjui": ni uharibifu wa lugha?

Ufupisho ulikuwa na sababu. Ujumbe mfupi wa simu ulibeba herufi 160, na kila ujumbe ulilipiwa. "Jmn", "kk", "dd" na "2po" viliokoa nafasi na fedha. Lakini x haiokoi chochote. "Xaxa" ina herufi nne kama "sasa". Ni pambo la rika, kama mkato wa nywele, nalo hupita na rika. Sioni sababu ya kumfokea kijana anayewaandikia wenzake hivyo. Sababu ipo pale anapolileta pambo hilo katika ombi la kazi, na niliwahi kuchapa moja lililoanza "Mkurugenzi, xalaam". Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika.

15. Simu yangu hubadilisha maneno yenyewe. Nifanyeje?

Simu yako inadhani unaandika Kiingereza, ndiyo maana "kama" inageuka "karma" na "sana" inageuka "Santa". Ingia katika mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili katika orodha ya lugha, au zima kabisa masahihisho ya kiotomatiki. Ukishatuma na ukagundua kosa, WhatsApp huruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15. Baada ya hapo, desturi ni kuandika neno sahihi likitanguliwa na nyota: *hana deni.

16. Nichanganye Kiingereza au nitumie maneno kama "kishikwambi" na "kundi sogozi"?

Tumia neno ambalo msomaji wako analo. "Kishikwambi", yaani tableti, lilichekwa lilipokuja, na leo walimu na makarani wa sensa hulitaja bila kutabasamu. "Kundi sogozi" bado linatafuta wasemaji. Watu husema grupu. Ninachokikwepa ni kitenzi kilichogawanyika, cha Kiswahili mbele na Kiingereza nyuma, kikiunganishwa kwa kistari, kama "nimeku-send" na "nimeku-add", kwa sababu "nimekutumia" na "nimekuongeza" vipo na ni vifupi.

## Kusahihishana

17. Je, nimkosoe mtu mbele ya kundi zima?

Ikiwa kosa limebadili maana na watu wanakaribia kutenda kwa maana hiyo, ndiyo, tena mara moja, lakini kwa swali: "Dada, ulimaanisha mahali au mahari?" Swali humpa mwandishi nafasi ya kusema "mahali" na mambo yakaendelea. Ikiwa kosa ni la kuudhi macho tu, acha lipite, au mfuate inboksi ikiwa mnajuana. Mtu mmoja akishasahihisha, inatosha. Mtu wa tano anayerudia sahihisho lilelile anatafuta kuonekana.

Pitia ujumbe wako mara mbili kabla ya kumsahihisha mtu. Sahihisho lenye kosa hukumbukwa kwa miaka.

18. Na kama aliyekosea ni mtu mzima kuliko mimi?

Usimsahihishe mbele ya wadogo zake. Mwandikie peke yake, anza na "Shikamoo mzee wangu" iliyoandikwa kikamilifu, kwa kuwa "xkamoo" kwa mtu wa umri wa baba yako ni dharau hata kama hukukusudia. Kisha uweke kosa upande wa wasomaji: "Samahani kwa kukusumbua, kuna wenzetu wamesoma 'kula' pale ulipoandika kuhusu kura, wanauliza kama kutakuwa na chakula." Mzee mwenye busara ataandika "Marahaba mwanangu, asante" na kurekebisha. Asiporekebisha, umekwisha kufanya wajibu wako.

19. Nilichekwa kwa sababu ya l na r, sasa naogopa kuandika. Nitumie sauti tu?

Swali hili huletwa zaidi na akina mama wa vikoba, na hunisikitisha kuliko mengine yote. Nawajua wanawake wanaoendesha mitaji ya mamilioni ambao katika kundi hutuma sauti peke yake, au alama ya dole gumba, kwa sababu siku moja mtu aliyesoma zaidi yao alipiga picha ujumbe wao na kuusambaza kwa kicheko. Sauti si vibaya, lakini haitafutiki kirahisi siku ya ubishi, na anayenyamaza kwenye maandishi huishia kuandikiwa maamuzi na wengine.

Andika. Ukihofia jozi za hatari, mpe mtoto wako asome kabla ya kutuma, au andika sentensi fupi zisizo na nafasi ya utata: "Amelipa yote" ni salama kuliko "hana deni". Kwa wanaocheka, swali la 4 limeeleza chanzo cha mchanganyiko huo. Ningependa kuona Kigogo au Kirangi chao kimeandikwa bila kosa, au wakijaribu kutamka vidoko vya Kisandawe mbele ya wazee wa Chemba, halafu tuone nani atacheka.

20. Mtu anaponijibu "jifunze kwanza kuandika", nijibu nini?

Mjibu kwa kurudia hoja yako. Katika kundi la mtaa mama mmoja alieleza kwamba bomba lilikuwa na siku nne bila maji, akaandika "maji ayatoki". Majibu matatu ya kwanza yalihusu herufi h. La nne liliuliza kama kuna mtu aliyekwenda kutoa taarifa, na hapo ndipo ilipofahamika kwamba hakuna aliyekwenda, kila mmoja akidhani mwenzake amekwenda. Wenye bidii ya sarufi walikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuuliza.

## Yanayobishaniwa

21. "Kuwapo" au "kuwepo"? "Onesha" au "onyesha"? "Asante" au "ahsante"?

"Kuwapo" ndiyo inayofuata mantiki: kuwa, ukiongeza -po ya mahali. "Kuwepo" inaelekea kutokana na hali ya kutaka, kama katika "lazima awepo", ambayo ni sahihi kabisa. Hata hivyo "kuwepo" imeenea mpaka wahariri wazuri wanaiacha. Mimi huandika "kuwapo" katika barua za ofisi, na mteja akiibadilisha sipigani naye.

Wanaoshikilia "onesha" husema kitenzi ni "ona", na kwamba "onya" ni kutahadharisha, hivyo "onyesha" inaleta utata. Wanaoshikilia "onyesha" husema ndivyo watu wanavyosema. Sijawahi kukutana na mtu aliyeonyeshwa kitu akadhani ameonywa. Chagua moja na uitumie mpaka mwisho wa barua. Ushauri huo unatosha pia kwa "asante" na "ahsante".

22. Mzanzibari akiandika "mwengine" na "vyengine", nimsahihishe?

La. Hivyo ndivyo kwao. Kiswahili sanifu kina "mwingine" na "vingine", lakini msingi wake ulitoka Unguja, na kumfundisha Mzanzibari Kiswahili ukiwa umeketi Dodoma kunahitaji ujasiri ambao mimi sina. Vivyo hivyo Mkenya anayeandika "tarakilishi" pale tunaposema "kompyuta" hajakosea. Anatumia neno lililozoeleka kwao.

23. Jina la mtu likiwa na "kosa", nilisahihishe?

Kamwe. Jina si msamiati. Ni mali ya mwenyewe na ya karatasi zake. Pacha wa kwanza wengi huitwa Kulwa, na wengine wameandikwa Kurwa. Pacha wao ni Doto au Dotto. Kijana mmoja aliletwa kwangu na mama yake ili nimchapie maombi ya kazi. Cheti cha kuzaliwa kilisema Kulwa, kitambulisho kilisema Kurwa, na karani mmoja, kwa nia njema, alikuwa amemsahihishia cheti cha shule. Sasa alihitaji kiapo mbele ya wakili ili ithibitike kwamba watu hao wawili ni mmoja.

Nilimuuliza yeye mwenyewe hujiandikaje. Alisema Kurwa, kwa sababu ndivyo baba yake alivyotamka na ndivyo alivyomwandikia kwenye daftari la kwanza. Mama akanitazama, akasubiri nimrekebishe mwanawe. Nikachapa Kurwa.